Chuma Kitabaki Juu ya Paa, Nawe Utaenda

Ngoie, mama yangu,

Jana ulisimama mlangoni mwa karakana yangu, mikono kiunoni kama marehemu mama yangu aliyekuachia jina lake, ukaniambia: «Papa, ile chuma ishuke, ao mi shiende Lubumbashi.» Ukageuka ukaenda zako kabla sijafungua kinywa, na unajua vizuri kwamba mimi nikinyimwa zamu ya kusema huumwa kichwa. Basi leo, wakati unasukwa nywele za safari, nimesukuma pembeni mota ya pampu niliyokuwa naitengeneza na ninakujibu kwa kalamu. Jibu naliweka hapa mwanzoni usije ukahangaika kulitafuta: chuma hakishuki, na kesho asubuhi unapanda basi.

Mambo ya sufuria, ya nguo na ya kuamka mapema sitayagusa. Mama yako ameyarudia mpaka hata mimi nimeyashika kichwani. Mimi nataka ujue kwa nini chuma kile cha radi kinabaki juu ya paa la shule, ili mtu akikuuliza huko chuoni baba yako ni mtu wa namna gani, uwe na la kumjibu bila kuinamisha uso.

Nianzie mbali kidogo. Hukumbuki, ulikuwa mdogo mno, siku ulipochukua udongo wa mfinyanzi ukaziba matundu yote ya chini ya mbabula, lile jiko la makaa la mama yako. Ulikuwa umeona majivu yanadondoka na hukupenda uchafu. Makaa yakafifia, maharagwe yakabaki mabichi, na mama yako akaanza kutafuta fimbo. Wewe ukachuchumaa, ukatoboa tundu moja kwa kidole, ukaona kaa lililo karibu nalo limegeuka jekundu, ukapiga kelele: «Papa, moto iko inapumua!» Fimbo ikasahaulika. Nilikueleza kwamba hewa ikipata moto inakuwa nyepesi na kupanda, na inapopanda inavuta hewa nyingine iingie kwa chini. Ukiziba chini, na juu panakufa. Tangu siku ile kila kitu tulichokifungua mimi na wewe, redio, pasi, pampu, tulikiuliza swali lilelile: inaingilia wapi, inatokea wapi? Mama yako hucheka kwamba nimekulea kwa swali moja tu.

Sasa kosa langu ni hili: juu ya paa la shule, swali hilo nililiuliza nusu.

Wewe unaijua habari ya mvua za mwaka jana kuliko mimi, maana ndiwe uliyekimbia kwanza. Radi ilipiga bati la shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yetu. Uliwakuta watoto chini ya madawati wakilia, mwalimu wao ameungua mkono, na waya wa taa umekuwa mweusi ukutani. Hakuna aliyekufa, tunamshukuru Mungu. Usiku ule hukula. Ulikaa ukavunjavunja kipande cha bukari, ugali wetu, kwenye sahani, ukasema, «Papa, tufanye kintu.» Nilijivuna sana kusikia vile, na nadhani nilijivuna kupita kiasi, ndiyo maana mengine yote yakafuata.

Tulikaa meza hii hii tukachora chuma cha radi, ile fimbo ndefu ya juu ya paa ambayo hapa tunaiita paratonnerre. Mdogo wako alipouliza radi inatoka wapi, ulivua ile jezi yako ya nailoni. Ilikuwa mwezi wa sita, baridi kavu, na jezi ikalia tatata, nywele zako zikasimama, akaona cheche gizani. Ulimwambia kwamba ndani ya wingu kubwa, hata siku ya joto, kule juu ni barafu tupu, ile ile inayotuangukia kama mvua ya mawe. Upepo unaipandisha na kuishusha, vipande vinasuguana kama jezi na nywele, umeme unajitenga, wa aina moja unabaki juu na wa aina nyingine unarundikana chini ya wingu. Hewa inakataa kuupitisha, inakataa, mpaka inashindwa. Hapo umeme unaanza kushuka ukijitafutia njia kipande kwa kipande, na ukikaribia, vitu virefu vya ardhini navyo vinainua umeme wao kwenda kuupokea. Zikikutana njia hizo mbili, tayari. Hewa iliyomo njiani inachomwa ghafla hata inapasuka, na mlio wa kupasuka kwake ndio ngurumo. Nilikuacha useme mpaka mwisho, na kichwa hakikuniuma.

Kwa hiyo fimbo ya paani haiiti radi kutoka mbali. Radi iliyokwisha kufika juu ya shule itaanguka hata usipoweka kitu. Kazi ya fimbo ni kuwa wa kwanza kutoka kwenda kuipokea, badala ya bati, badala ya kichwa cha mtoto. Ikishaipokea lazima iwe na barabara nzuri ya kuipeleka chini, na chini lazima ardhi ikubali kuimeza. Fimbo, barabara, ardhi. Kipande kimoja kikikosekana, hivyo viwili vingine ni hatari tupu.

Kwenye barabara ndipo tuligombana. Nilikuwa na kebo nene ya shaba, nzuri, niliyoitunza kwa siku ya maana. Ulinitazama ukasema: «Papa, cuivre hailalake inje muno mu Likasi. Tutie fer à béton.» Yaani shaba hailali nje hapa Likasi, tutie nondo, chuma cha kujengea. Nilikuona mtoto. Nikakujibu, unakumbuka, mbele ya mdogo wako, kwamba mimi ni fundi umeme na si mwashi: «Miye ni électricien, hapana muntu wa maçon.» Nilikuhubiria kwamba shaba inapitisha umeme kupita chuma mara kadhaa, kwamba mji wetu umekula shaba na kuvaa shaba, na kwamba mtu aliyezeeka katika karakana za mtaa wa Panda hawezi kufunga nondo kwenye shule akatembea barabarani bila aibu. Kila nililolisema juu ya shaba lilikuwa kweli, nikaifunga. Hata hivyo wewe ndiye uliyekuwa na haki, kwa sababu ulihesabu na mikono ya watu.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, unajua mwenyewe yaliyotokea. Radi ikashuka upande wa shule, ikapasua mti wa parachichi wa Mama Véro, jirani yetu, uliokuwa umeegemea ukuta wa darasa, na mtoto wake mdogo akatupwa chini uani. Aliinuka akilia, na kwa siku nzima sikio lake moja lilikuwa halisikii. Wazazi wakaitana shuleni. Mama Véro alikuja na kitambaa kichwani kimefungwa ovyo, mwanamke ambaye sijawahi kumwona ametoka bila kujipanga.

«Papa Ngoie,» akaniambia, «weye uliweka chuma ya kuita radi pa masomo ya batoto. Sasa radi inafika kwangu, inatupa mutoto wangu chini. Unasema nini?»

Na mimi, badala ya kutoka nje kwanza nikatazame, nikachukua chaki. Nikachora wingu ubaoni, nikachora fimbo, nikachora mishale. Niliongea kwa Kifaransa kizuri. Nilisema kwamba radi iliyompata mtoto haiwezi kuwa imepitia kwenye chuma changu, maana chuma changu kina barabara mpaka ardhini. Wewe ulikuwa umesimama dirishani, ukawa unanifanyia ishara kwa mkono, nami nikadhani unanisifu.

Mama Véro akasema tu, «Twende tuone.»

Tukaenda tukaona. Fimbo ilikuwapo, inang'aa. Kebo ilikuwapo pia, kipande kifupi kikining'inia chini ya ukingo wa paa, mahali mkono wa mtu aliyepanda bega la mwenzake unapofika. Kuanzia hapo hadi ardhini palikuwa na alama za misumari tu ukutani.

«Câble iko wapi?» akauliza mkuu wa shule.

«Banakata,» akajibu mtoto mmoja, kwa sauti ya mtu anayeona jambo la kawaida.

Ndiyo ishara uliyokuwa unanifanyia dirishani, mkasi wa vidole viwili. Nisamehe kwa kutoielewa. Radi ilipiga fimbo yangu, ikaanza kushuka kwenye shaba yangu nzuri, ikafika mwisho wa kipande kilichobaki, ikakosa njia, ikarukia mti wenye maji ulio karibu. Mama Véro hakuwa na mchoro wowote, na siku ile alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi. Walinicheka. Siku ileile nilipanda nikashusha nondo ya haraka ili watoto wasikae chini ya chuma kisicho na miguu, lakini heshima yangu ilikuwa imekwisha kuanguka, na maji yakimwagika hayazoleki.

Nimemfikiria sana mama yangu siku hizi. Mvua ikinguruma alifunika kioo kwa kitenge, alitukataza kuvaa nguo nyekundu, alitutoa mlangoni, na hakuruhusu mtu aguse bomba la maji wala waya wa kuanikia nguo. Nilipoanza kusoma umeme nilimcheka yote kwa pamoja. Miaka mingi baadaye nilielewa kwamba kuhusu kioo na nguo nyekundu alikosea, lakini kuhusu bomba, waya na mlango alikuwa sawa kabisa, na bila kitabu. Ningekuwa na subira ya kuuliza jambo moja moja, ningejifunza kwake mapema na yeye pengine angekiacha kioo chake wazi. Alikufa bado anakifunika. Linaniuma, Ngoie, na sitaki uwe na uchungu wa aina hiyo na mtu yeyote.

Ndiyo sababu sikumkasirikia Mama Véro alipowatoa watoto wake wawili shuleni. Kaka yake alikuwa mchimbaji kule Kambove. Mvua iliwakuta mlimani, pasipo mti wala nyumba, na radi ikamuua yeye, aliyekuwa amesimama na koleo begani. Ndugu walisema radi ile ilitumwa, wakamtafuta mtumaji, na ukoo ukavunjika vipande viwili ambavyo hata leo havisalimiani. Mtu aliyezika kaka kwa namna hiyo huwezi kumwambia «soma fizikia» kisha ukaenda kulala. Tena Mama Véro ndiye aliyekubeba mgongoni ulipokuwa mdogo, mama yako alipolazwa hospitali. Nilikwenda kwake, nikakaa kwenye kigoda chake cha jikoni, nikamwambia alikuwa na haki juu ya kebo. Aliendelea kuchambua mchele muda mrefu. Kisha akauliza: «Na kama banaiba tena?»

Hilo ndilo swali la kihandisi lililo bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu. Nimelijibu kwa mikono.

Umeona nikichimba, lakini ulikuwa umenikasirikia, hukuja karibu. Sasa nakueleza kazi yenyewe. Barabara ya radi ni nondo, kama ulivyosema. Nimeziunganisha kwa kulehemu kutoka paani, na kuanzia kimo ambacho mwizi hafikii zinaingia ndani ya nguzo ya zege iliyoshikamana na ukuta. Anayezitaka itabidi aje na nyundo na avunje nguzo mbele ya mtaa mzima, na akimaliza atakuwa na nondo chafu asiyoitaka mtu. Chini ya ardhi sikuzika shaba wala bomba. Nondo zinatambaa ndani ya zege katika mtaro mrefu kupita darasa lenyewe. Zege iliyofukiwa hunywa unyevu wa udongo na kuushika hata kiangazi, umeme unaenea humo na kutoka pande zote, na nondo iliyo ndani hailiwi na kutu upesi kama iliyo kwenye udongo mtupu. Mawe ya machimbo ya Kakontwe yanachomwa yawe saruji, saruji inakuwa mawe tena, na mawe hayo ndiyo yatakayoimeza radi. Hesabu ya shaba ilikuwa nzuri. Lakini chuma kinachopitisha vibaya kidogo na bado kipo mvua inapofika, kinashinda shaba iliyokwenda kuuzwa.

Mababu walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mimi koleo langu lilivunjika hadharani, na bado nina kazi.

Sasa nifike kwenye hofu yako, maana naijua. Juzi vijana walipita mlangoni kwetu wakipiga mabati na kunifokea, «Muchawi wa radi!» Ulizima taa ukakaa sakafuni na mdogo wako. Unadhani ukienda, watarudi, nami nitakuwa peke yangu. Huenda watarudi. Niliogopa, sikufichi, chai ilinimwagikia mikononi. Lakini nimeipima hofu hiyo na nyingine: siku radi itakaposhuka tena juu ya bati lile na watoto wamo ndani, na mimi nakumbuka kwamba chuma nilikitoa kwa kuogopa mabati ya vijana. Hiyo ya pili siiwezi. Na kukuona wewe ukifungia akili yako ndani ya nyumba hii ili kunilinda, hiyo siiwezi zaidi. Usininunulie amani kwa masomo yako, mwanangu. Mimi ni mtu mzima, nina mama yako, na ulimi wangu ni mrefu.

Tena kuna jambo la leo asubuhi ambalo hulijui, kwa kuwa ulikuwa umekwenda kuaga marafiki. Umeme ulikuwapo, ajabu ya Mungu. Niliomba mkuu wa shule aniruhusu kupima ardhi kwa namna ya zamani, ile ambayo nakukataza wewe kuifanya bila mtu mzoefu kando. Watoto tuliwaweka mbali, nyuma ya kamba. Nilichukua balbu, mguu wake mmoja nikaufunga kwenye waya wa umeme wa ofisini, wa pili kwenye nondo inayotoka katika msingi. Hakuna waya wa kurudi, Ngoie. Ni udongo tu. Mama Véro alikuwa amesimama ng'ambo ya ukuta, amekunja mikono, anajifanya anaanika nguo.

Balbu ikawaka, nyeupe, bila kupepesa.

Watoto walipiga makofi. Mama Véro hakupiga. Alikuja mpaka kwenye kamba, akatazama balbu, akatazama udongo, akauliza polepole: «Courant iko inapita mu udongo?»

«Iko inapita, mama.»

«Na inatokea wapi?»

Sikumfundisha swali hilo, naapa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, akadhani namdharau, ikabidi nimweleze habari ya mbabula na kidole chako. Nilimwambia umeme wa balbu unarudi kwenye mashine za wenye umeme kwa njia hiyohiyo ya ardhi, na ule wa radi ukishafika chini unatawanyika, unakwisha. Akasema, «Bon,» akarudi kwenye nguo zake. Kengele ya alasiri ilipolia, binti yake mkubwa aliingia darasani na mfuko wake. Mdogo, yule wa sikio, bado yuko nyumbani. Mama Véro hutoa imani kama anavyotoa sukari, kijiko kimoja na macho juu yako. Nitasubiri cha pili.

Huko unakokwenda utawakuta watakaowacheka wanaofunika vioo, na watakaowacheka wanaoweka fimbo. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zako leo zimesukwa vizuri. Ukiona umeanza kuongea vizuri sana mbele ya ubao, toka nje ukatazame kebo.

Nimebakiwa na neno moja, nalo lilinitesa leo mchana. Kule juu, fimbo inaposhikana na nondo, kuna bolti. Nilitaka kuiacha moja bila kukazwa, ili kesho kabla ya basi tupite shuleni, upande ngazi, uikaze wewe mwenyewe kwa mkono wako, na mimi nikushikie ngazi chini. Nililipenda sana wazo hilo. Nilikwisha kushuka. Kisha nikatazama upande wa Kakontwe nikaona wingu limesimama, refu, kichwa chake kimetandaa, na watoto wa zamu ya alasiri walikuwa darasani wakiimba majedwali ya kuzidisha, na sauti ya binti wa Mama Véro imo ndani.

Nimepanda tena, nimeikaza.

Usinikasirikie. Ufunguo wa kumi na tatu, ile spana niliyokazia bolti, nimeuweka ndani ya begi lako, umeviringishwa katika ile jezi ya nailoni. Hapa hauna kazi tena. Matone ya kwanza yanagonga bati sasa hivi, na mimi natazama paa la shule kupitia dirishani, mikono imetulia.

Chuma kimebaki. Wewe nenda.

Baba yako,
Papa Ngoie